Ng'ombe wa Nyemo Wanakuja Masasi

Haneti, Dodoma
Asubuhi ya kipupwe, upepo mkali

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaniitikia, vuta kigoda chako ukae. Hilo boksi ulilokabidhiwa pamoja na barua hii liweke juu ya meza, mbali na kuku, wala usilifungue. Nakujua mama yangu, ukipewa kitu kilichofungwa unaanza kuchana kamba kwa meno. Leo nivumilie mpaka mwisho wa barua, maana vilivyomo humo vina masharti, na aliyeyaweka masharti hayo hana mchezo.

Mgongo wako je? Majani aliyokuletea shangazi yamesaidia, au bado unaamka umejikunja kama ndoano? Na mikorosho imeshaanza kutoa maua? Nikifumba macho naisikia harufu yake, halafu nikifumbua naona mabua makavu ya uwele na vumbi linalokimbizana. Mimi ni mzima, mama. Ni mzima na nina furaha mpaka naona haya mbele za watu. Ila situlii. Tangu nianze barua hii nimeinuka kufagia uwanja niliokwisha kuufagia, nimekwenda mpaka barabarani kutazama kama lile vumbi ni la lori, nikakuta ni la mbuzi, nimerudi, nimeandika neno moja, nimeinuka tena. Elia anarudi leo au kesho. Ameniambia hivyo kwa simu, kisha upepo ukala maneno yaliyobaki.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ipo, lakini mtandao tunaupata kwa kupanda mawe nyuma ya nyumba, tena ukisimama kwa mguu mmoja kama korongo. Na hata mtandao ungekuwa jikoni, haya nisingeruhusiwa kuyasema kwa simu. Utaona kwa nini.

Kwanza baridi. Nyinyi huko kipupwe mnakijua kwa jina, mama. Hapa kinaingia ndani bila hodi. Asubuhi maji ya pipa yanauma vidole, midomo inapasuka, na upepo unapiga mabati usiku kucha kana kwamba kuna mtu anatafuta kitu juu ya paa. Jua likichomoza, watoto wote wa jirani wanakuja kujipanga kwenye ukuta wetu, maana ndio unaolipata jua mapema, na wanakaa pale wameingiza mikono ndani ya nguo, kimya, mpaka damu ichemke. Siku yangu ya kwanza niliwaonea huruma. Siku ya pili nilikwenda kukaa nao.

Mimi navaa sweta la Elia. Linanifika magotini. Samahani mama, najua binti hamwelezi mama yake mambo haya, lakini nitamweleza nani? Sweta lile lina harufu ya dizeli na sabuni, nami nimekataa kulifua. Kabla hajaondoka na wenzake kwenda kuchimba visima upande wa Chemba, alipasua kuni za kunitosha, akaziba nyufa za dirisha kwa maboksi, akaandika kwa chaki nyuma ya mlango: "Funga vizuri, kuna baridi. Narudi kwako." Mama, naufungua mlango huo na kuufunga bila sababu yoyote, nisome tu. Unakumbuka alivyokuja kijijini kwetu na mtambo wao, akaomba maji ya kunywa kwenye nyumba ambayo haikuwa na maji, nikamwambia, "Si ndiyo mmekuja kuyatafuta?" akacheka mpaka akaangusha kofia? Bado anacheka vilevile. Namsubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Sasa nikueleze kuhusu Nyemo, kwa sababu barua hii ni yake kuliko yangu.

Hukumwona siku ya harusi. Ni binti wa Elia aliyemzaa na marehemu mke wake, mtoto mdogo bado, mwakani ndiyo anaanza darasa la awali. Mama yake alipofariki, alichukuliwa na bibi yake mzaa mama, huko Mvumi, akalelewa naye. Elia alikuwa anamwona mwanawe kama jamaa wa mbali, sikukuu na sikukuu. Tulipooana, Elia alikwenda Mvumi kumwomba. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Mchukueni akae na nyinyi kipupwe hiki. Uwele ukivunwa nitakuja kumtazama. Nikimkuta yuko kwake, nitamwacha. Nikimkuta yupo yupo tu, narudi naye, na usije tena mlangoni kwangu kuniomba."

Elia alinisimulia maneno hayo huku anatazama vidole vyake vya miguu. Halafu akaitwa kazini, nikabaki na mtoto.

Mama, Nyemo si mtoto mtundu. Afadhali angekuwa mtundu! Ana adabu mpaka inakata maini. Akishiba anasema asante. Akitaka kitu anasimama mlangoni na kusema, "Mgeni, naomba maji." Ndivyo alivyokuwa akiniita. Mgeni. Nilimwambia aniite mama mdogo, akaitikia kwa kichwa, na jioni akasema, "Mgeni, kuku wameingia." Nilimwambia aniite dada Hilda. "Sawa, mgeni." Alikuwa analala amekumbatia fuko la nguo zake ambalo hakutaka nilifungue, kama mtu wa stendi anayesubiri basi.

Na uwele ulikuwa unakauka shambani, mama. Kila nikipita nikautazama nikaona masuke yamezidi kuinama, moyo ulikuwa unaniruka.

Basi nikaanza kufanya kile ninachokijua. Unakumbuka chekechea ya kanisani nilikokuwa namsaidia mwalimu baada ya kidato cha nne? Kulikuwa na kitabu kikubwa cha picha cha kazi za mikono za watoto wakati wa baridi, na watoto wa Ulaya wamevaa kofia za sufu, wanakata theluji za karatasi. Nikajiambia, baridi si baridi? Nikachukua magazeti ya zamani na mkasi wa Elia, nikakaa ukutani na watoto, nikakunja, nikakata, nikafungua. Wakapiga kelele kwa mshangao, mama, nikajiona malkia.

Leya, mtoto wa jirani yetu, anayeongea kama redio, akauliza, "Hii ni nini?"

"Theluji."

"Inaliwa?"

"Hapana. Inaanguka kutoka mbinguni kule kwenye baridi sana."

Akaitazama, akatazama mbingu. "Ikiwa na maandishi?"

Kesho yake tulitengeneza wanasesere wa magunzi ya mahindi, nywele za maganda, nguo za vitambaa vya fundi. Siku iliyofuata tukabandika punje na maganda ya karanga kwenye makatoni kufanya picha za nyumba na jua. Gundi nilipika mwenyewe, uji mzito wa uwele, kama tulivyofanya kwetu kwa unga wa muhogo. Tukazianika picha uwanjani, tukaingia ndani kunywa chai, tukatoka na kukuta kuku wamekula nyumba, wamekula jua, wanamalizia mawingu. Watoto walicheka wakagaragara. Mama Leya akapita na ndoo kichwani, akanisalimia Kigogo kwa kelele juu ya uzio, "Mbukwenyi! Bi harusi, kwenu mnalisha kuku picha?"

Nilicheka na mimi. Lakini jicho langu lilikuwa kwa Nyemo. Alikuwa anakaa mwisho kabisa wa ukuta, mikono ndani ya gauni, anatazama. Hakukata theluji wala hakushika gunzi. Kila siku nilimwekea karatasi yake na mkasi wake, na kila siku nilivikuta pale pale, karatasi imewekewa jiwe isipeperuke. Hata jiwe lile liliniumiza. Lilikuwa jiwe la adabu.

Siku moja karatasi zikaisha. Sikuwa na kitu, watoto wameshajipanga, nikaona kichuguu kilichobomolewa kando ya njia. Nikachimba udongo wake mwekundu, nikaupepeta, nikamwagia maji ya moto ili usiwaume mikono, nikaanza kuukanda kama unga wa chapati. Nikasema, "Leo tunafinyanga ng'ombe."

Mama, ile mikono ikatoka ndani ya gauni.

Alikuja polepole, akachota donge, akarudi mahali pake. Nilijifanya sioni. Nikafinyanga ng'ombe wangu, tumbo, miguu minne, pembe, mkia, nikamsimamisha. Nilijivunia sana. Kisha Nyemo akauliza, "Mgeni, huyo ni nani?"

"Ng'ombe."

"Nundu yake iko wapi?"

Wee! Waliangua kicheko mpaka mbwa wakabweka. Leya akasema, "Ni nguruwe! Ni nguruwe wa kusini!" Wengine wakaitikia, "Nguruwe wa kusini! Nguruwe wa kusini!" Nyemo hakucheka. Aliinuka, akaja, akamchukua ng'ombe wangu mkononi mwangu, akambana mgongoni kwa vidole viwili, nundu ikapanda. Akamrudisha. Vidole vyake vilikuwa na joto la maji yale, vikagusa vyangu. "Sasa ni ng'ombe," akasema.

Siku hiyo niliimba nikiosha vyombo, nikaimba nikichota maji, nikamwandikia Elia ujumbe mrefu ambao haukwenda.

Na furaha ndiyo iliyoniponza. Jioni ile nilitaka kumfurahisha. Ng'ombe wa Nyemo alikuwa mzuri kuliko wote, dume, kichwa juu, na udongo ulikuwa bado mbichi. Nikaona jua limepungua nguvu, nikamweka juu ya jiko la mkaa akauke haraka, asubuhi amkute tayari. Kwetu tunakausha kila kitu kwa moto, si ndiyo? Samaki, mihogo, nguo za mtoto. Nilikuwa nageuza mboga niliposikia, "Paa!" Mama, alipasuka kama bisi. Pembe moja niliikuta kwenye sufuria ya mlenda.

Nyemo alisimama mlangoni. Hakulia. Alikusanya vipande akavitia kwenye upindo wa gauni, akasema, "Si neno, mgeni," akaenda zake. Si neno! Nilitamani anipige.

Mama Leya alipopata habari alikuja kuegemea uzio makusudi. "Bi harusi, ng'ombe anakaangwa kama andazi? Anakaa kivulini mpaka aache jasho. Halafu anachomwa kwa mavi yake mwenyewe. Ng'ombe hajui moto wa dukani."

Nikajifunza. Tukafinyanga wengine, tukawaficha kivulini, na watoto wakaanza kucheza nao michezo yote ya ng'ombe, kuchunga, kunywesha, kuibiana, na mchezo mkubwa kuliko yote, kuoa. Nilikuwa jikoni, dirisha wazi, nikawasikia wazee wa posa wanajadiliana huko ukutani kwa sauti nzito za kuigiza.

"Ng'ombe wenu wamekonda!" hiyo ni sauti ya Leya.

"Binti yenu naye si mnene," akajibiwa.

Wakabishana, wakaongeza, wakapunguza. Kisha Leya akaacha kuigiza, akauliza kwa sauti yake, "Nyemo, mama yako alitolewa ng'ombe?"

"Wengi. Bibi anao mpaka sasa, na watoto wao."

"Na huyu bi harusi?"

Nikaacha kukoroga.

"Huyu hakutolewa," Nyemo akasema. "Kwa hiyo ni mgeni wa baba."

Hakusema kwa ubaya, mama. Alisema kama mtu anayesema leo ni Jumatatu. Na mimi niliyekuwa nadhani simpikii vizuri, au simpendi vya kutosha, au ananiona nimekaa mahali pa mama yake! Kumbe mtoto alikuwa anafuata desturi tu. Hajaona ng'ombe akitoka zizini kwa ajili yangu. Angeniitaje?

Nilimfuata jioni, tukakaa kwenye kizingiti. Nikamweleza kwamba kwetu Masasi mahari si ng'ombe. Nikamwambia mjomba wangu alipokea bahasha na vitenge na jembe, wazee wakakubali, watu wakala wali, na mchungaji akatubariki. Alinisikiliza kwa makini, kama bibi yake bila shaka. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mama yako anakamua nini?"

"Hakamui kitu."

"Anakunywa chai kavu?"

"Ndiyo. Chai ya rangi, na limau kidogo."

Alinitazama, mama, kwa huruma ambayo sijapata kutazamwa nayo tangu nizaliwe. Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo nikampoteza kwa namna nyingine. Asubuhi akinywa uji anatoweka nyuma ya ghala, anarudi mikono imejaa udongo mpaka viwiko. Nikiuliza anafanya nini, ananijibu, "Kazi." Akaniomba majivu. Akaniomba mkaa. Akaniomba matone ya mafuta ya kula. Huku nje watu wamekwisha kuanza kuvuna, wanawake wanapita na vikapu vya masuke, na mimi nahesabu moyoni, bado mashamba ya kule bondeni, bado la Mama Leya, bado letu. Sikuwa nalala vizuri. Elia hayupo, mtoto hasemi, uwele unaisha.

Bibi wa Mvumi alikuja kabla hatujamaliza kuvuna. Pikipiki ilisimama, akashuka mwanamke mfupi, mnyoofu, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu kama mtu aliyekuja kulima. Nilipiga magoti nikiwa bado nimeshika ungo. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama sweta. "La Elia hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Hm."

Akanywa maji. Akatazama uwanja, akatazama sufuria, akatazama theluji zangu za magazeti dirishani. Kisha akaita, na Nyemo akaja mbio akamkumbatia miguu. Bibi akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Mtoto alikuwa amenenepa kidogo, mama, hilo Mungu ni shahidi. Lakini bibi hakutafuta nyama. Aliuliza, "Nyemo, huyu unamwita nani?"

"Mgeni."

Mama, ungo uliniponyoka.

Bibi hakukasirika. Aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyekuta alichotarajia. "Basi kalete nguo zako. Pikipiki inasubiri."

"Siwezi, Bibi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kuondoka. Ng'ombe hawajakauka."

"Ng'ombe gani?"

Nyemo akamshika mkono, akampeleka nyuma ya ghala. Nikafuata kwa mbali. Kulikuwa na tenga limefunikwa. Akalifunua. Mama, lilikuwa kundi. Madume, majike, mitamba, ndama, weupe wa majivu, weusi wa mkaa, wekundu wa udongo, wenye mabaka, kila mmoja na nundu yake, wote wameelekea upande mmoja kama wanaokwenda mtoni.

"Wa nani?" bibi akauliza.

"Wa kwetu. Wanakwenda kwa mama yake mgeni. Baba hakutoa, Bibi. Walimpa mjomba bahasha. Mama yake anakunywa chai kavu."

Niliziba mdomo kwa mkono wa sweta. Bibi akachuchumaa, akachukua jike jekundu, akaligeuza tumbo, akasema kwa sauti ya mnunuzi mnadani, "Huyu amekonda huku nyuma."

"Hajakonda, ana mimba."

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Anakaribia."

Bibi akamrudisha kwa mikono miwili. Akainuka, akamfuata yule kijana wa pikipiki, akamwambia aende zake. Kisha akanigeukia mimi, "Binti wa kusini, usisimame hapo kama mti. Nenda kwa jirani ukaombe samadi kavu."

Tuliwachoma pamoja, sisi watatu, kwenye shimo dogo, kwa moto wa taratibu usio na ndimi. Bibi alikaa nasi siku kadhaa akisaidia kuvuna na kuuliza maswali. Unamlazaje? Akiota ndoto mbaya unafanya nini? Kwenu mama mkwe anasalimiwaje? Sikuwa najua kama nashinda au nashindwa. Siku ya kuondoka alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema:

"Mimi siwezi kumchukua mtu ambaye posa yake iko njiani. Nitangoja jibu. Lakini ng'ombe hawaendi bila barua, uiandike vizuri. Mama yako akiwapokea kama ng'ombe wanavyopokelewa, mtoto atabaki. Akicheka akawapa watoto wa jirani wavunje, nitajua watu wa huko si wa kuachiwa mtu. Nitakuja mwenyewe kusikiliza jibu likisomwa."

Kama alikuwa anatania, uso wake haukuonyesha.

Basi mama, umeelewa kwa nini barua, na kwa nini nainuka na kukaa. Nyemo amesimama hapa pembeni yangu tangu aya iliyopita, anahakikisha siachi kitu. Sasa fungua boksi. Polepole. Nimewazungushia pamba na zile theluji za magazeti, kwa hiyo zimepata kazi. Kama kuna aliyevunjika pembe njiani, Nyemo anasema ng'ombe asiye na pembe bado ni ng'ombe. Usiwahesabu kwa kidole, bibi yake alimfundisha kwamba ng'ombe hanyooshewi kidole. Mwite mjomba, maana yeye ndiye alipokea ile bahasha, aje awakague na alalamike kidogo kwamba wamekonda, nawe ujibu kwamba ni kiangazi, majani hakuna. Mjomba analijua hilo bila kufundishwa! Mkishakubaliana, piga kigelegele mpaka majirani watoke. Kisha wapange kwenye rafu ile ya vikombe vya sikukuu, na usiku wa kwanza uwawekee maji kwenye kisosi, wametoka mbali. Yule mwekundu msimsukume.

Usicheke, mama. Au cheka kwanza sasa hivi, peke yako, halafu ufute machozi uanze kazi.

Elia hajui lolote. Nyemo amenikataza kumwambia mpaka jibu lirudi, anasema mahari haitangazwi kabla haijapokelewa. Atakuja leo au kesho na vumbi lake na kicheko chake, ataniuliza habari za nyumbani, na mimi nitafunga mdomo kwa vidole kumi! Sijui kama nitaweza. Nimetoka tena kutazama barabara. Bado.

Nisalimie mjomba, mwambie asilalamike kupita kiasi. Nisalimie shangazi wa majani, na kaka yangu mkubwa na mkewe, na yule mwalimu wangu wa chekechea, umwambie kitabu chake kimefika Haneti ingawa hakipo. Nisalimie bibi mzaa mama, kamsomee barua hii kwa sauti kubwa, upande wa sikio la kulia.

Mwanao anayekupenda kuliko anavyoweza kuandika, na aliyeolewa kwa bahasha na kwa ng'ombe,

Hilda

Nilikuwa nimeshafunga barua, Nyemo amenifanya niifungue. Anasema boksi la watu halirudi tupu. Utie korosho, anazisikia tu hajapata kuzila. Na katikati ya korosho utie karatasi, uandike humo aniite nani, kwa sababu ng'ombe wakishapokelewa mimi siyo mgeni tena, na yeye hataki kukosea. Mama, chagua vizuri. Na uandike kwa herufi kubwa, nimeanza kumfundisha kusoma, anataka alisome jina hilo mwenyewe.